Cheti chako na cheti cha kuku

Wengi wanaoanza kuuza kuku hapa Kongowea, Mombasa, hudhani karatasi ni moja. Ni mbili: yako wewe na ya kuku.

Yako ni cheti cha afya, kile bwana afya anachokuuliza kabla ya salamu. Kinadumu miezi 6, kwa hivyo hesabu gharama yake mara 2 kwa mwaka, pamoja na ya kila msaidizi anayeshika nyama, hata awe mpwa wako. Unalipa, unapimwa choo na mkojo. Kikopo kachukue siku ya kabla. Mimi mara ya kwanza nilikwenda mikono mitupu, choo kikakataa kabisa. Nilikaa kwenye benchi hadi saa nane mchana, wateja wangu wakihamia kwa jirani. Ada ya kipimo haikuniuma kama siku ile. Ukikutwa na minyoo au amiba, unatibiwa kisha unapimwa tena, na kipimo cha pili nacho ni pesa. Yupo atakayekuuzia cheti bila kukupima, mwache apite. Wewe dai risiti yenye jina lako.

Sasa kuku. Ukiwatoa Kaloleni, hiyo ni Kilifi, kaunti nyingine. Kibali cha kusafirisha huandikwa na daktari wa mifugo wa kule wanakotoka, kabla hujapakia. Mie nilisimamishwa Mazeras na matenga 3, nikatoa cheti changu kwa madaha. Afisa akakisoma, akanirudishia: “Hiki chako, mama. Cha kuku kiko wapi?” Hadi tumalizane, kwa jua lile, wanne walikuwa wamekufa.

Ukiuza nyama badala ya kuku hai, jua ukaguzi wa nyama nao una ada yake.

Chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao Newcastle, usiibanie, maana ukishaingia hauna dawa. Ni tone moja jichoni kila miezi 3. Chupa moja yaweza kuwa ya kuku 100, na ikishachanganywa haingoji kesho, kwa hivyo changeni majirani. Ibebe kwenye chupa ya chai iliyotiwa barafu. Wakifa wengi kwa mpigo, usikimbilie kuuza waliobaki: mpigie daktari wa mifugo, na mmoja aliyekufa punde mtie ndani ya mfuko, juu ya barafu, apelekwe maabara ya mifugo Mariakani.

Pesa za yote haya mimi natoa shilingi 10 kwa kila kuku anayeuzwa, natia kwenye mkebe wa maziwa. Mume wangu hajui ulipo.