Chaza mkubwa hafukuzwi

Kumbuka kwanza swali uliloulizwa siku ulipofungua Animal Crossing: New Horizons, ule mchezo wa kisiwa wa Nintendo Switch: kisiwa chako kiwe kaskazini au kusini mwa ikweta? Mimi niko Tanga, nikajibu kusini bila hata kufikiri. Jibu hilo halibadilishwi tena kwenye kisiwa hicho, na ndilo linaloamua utamwona lini chaza mkubwa, yule ambaye kwenye skrini jina lake ni gigas giant clam. Kwetu wa kusini anatoka Novemba hadi Machi. Kwa wa kaskazini ni Mei hadi Septemba. Nilimtafuta mwezi wa saba, jioni baada ya jioni, kwa kufuata tarehe nilizosoma mtandaoni, kumbe aliyeziandika yuko kaskazini. Wiki nzima naokota mwani! Dada yangu aliyeko Muscat ndiye aliyenistua, maana kisiwa chake ni cha kaskazini na yeye alishampata. Siku hizi wangu akiisha msimu, navuka kwake kwa intaneti na kuzamia huko.

Cha kushukuru ni kwamba huyu habagui saa. Wengine utawakesha.

Kama umenunua kadi ya mchezo ya mtumba kama yangu, sasisha mchezo kwanza. Ulitoka Machi 2020, lakini kuzamia kuliongezwa Julai mwaka huohuo, kwa hiyo kadi za mwanzo hazina kitu hicho mpaka usasishe. Halafu nenda dukani kwa Timmy na Tommy ununue nguo ya kuzamia, beli 3,000 (beli ndiyo hela ya mchezoni). Ivae, simama ukingoni mwa maji, bonyeza kitufe cha A ujitose. A hiyohiyo ndiyo ya kuogelea kwa kasi, na Y ni ya kuzama.

Ukiwa juu ya maji utaona mapovu yakipanda. Kila penye mapovu pana mnyama au mmea. Zama karibu yake, utazame kivuli. Vidogo vilivyotulia achana navyo kama unamtaka huyu mmoja tu. Unachotafuta ni kivuli kikubwa mno ambacho, ukikikaribia tu, kinachomoka kama kimeunguzwa. Chaza wa kweli hutulia mwambani. Huyu wa kwenye mchezo ana mbio kuliko mpwa wangu akiitwa kuosha vyombo.

Hapa ndipo watu wanapokosea, na mimi nilikosea sana. Ukimwona anakimbia, kidole kinataka kubonyeza A, A, A. Pumzi inakwisha, unaibuka, naye kashahama. Usimfukuze. Zama, kisha mwelekeze kwa kijiti cha kushoto peke yake, taratibu, ukimsukumia upande ambao bahari inakwishia: kwenye maboya, au kwenye kona ya ufukwe. Akifika hapo hana pa kwenda. Ukiona pumzi inaelekea kuisha, ibuka mwenyewe, vuta pumzi, zama tena papo hapo. Mapovu yake yatakuonyesha aliposimama. Akibanwa kabisa ndipo unapobonyeza A mara moja au mbili, ukamwangukia. Huna haja ya kubonyeza kitu cha kumshika, ukigusa kivuli umempata.

Mapovu ya eneo hilo yakiisha, au yote ni vidogo, ogelea mbali kidogo kisha rudi. Utakuta wengine.

Ukikuta kombe, yaani scallop kwenye skrini, njiani, lichukue pia, maana mara moja kwa siku Pascal, yule fisi maji mwekundu, huja kulibadilisha kwa lulu au kwa mchoro wa kutengenezea vitu vya nguva. Mpe. Kombe lenyewe linauzwa beli 1,200 tu.

Chaza wa kwanza ni wa makumbusho. Mpelekee Blathers, bundi yule, uvumilie maelezo yake. Wa pili ndiye wa hela: beli 15,000, hakuna kiumbe wa kuzamia anayemshinda kwa bei. Lakini muuze duka likiwa wazi, saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Mpwa wangu alimkamata saa tano usiku, hakuweza kungoja, akamtupia kwenye sanduku la nje. Sanduku hulipa asilimia 80. Asubuhi alikuta beli 12,000, akaja kuniuliza nani kamwibia.