Kuku wa nyama bila antibayotiki ya kila siku: anzia sakafuni

Mfugaji anayetia dawa kwenye maji tangu vifaranga wafike hadi siku ya kuuza hatibu kuku, anaficha ubovu wa banda. Kuku wamebanana, maranda yamelowa, hewa inakaba, na dawa ndiyo inayowavusha mpaka wiki ya 5 au 6. Gharama anabeba mlaji. Mwaka 2005 Marekani ilipiga marufuku antibayotiki ya enrofloxacin kwa kuku, kwa sababu Campylobacter, bakteria wa kuharisha, waliokuwa sugu kwa dawa walikuwa wakitoka kwa kuku na kuwafikia watu, na dawa za kundi hilo hilo zikashindwa kuwatibu.

Anza na nafasi. Banda la mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20, basi weka kuku 200, si 400. Ukiweka 20 kwa mita ya mraba, wakifika kilo 2 kila mmoja unakuwa na kilo 40 kwenye mita moja ya mraba. Ulaya kikomo cha kawaida ni kilo 33, na hata mashamba yenye mitambo ya hewa na rekodi nzuri hayaruhusiwi kupita 42. Wewe una dirisha la waya tu.

Sakafu ndiyo yenye kazi kubwa. Tandaza maranda makavu sentimita 5 hadi 10. Kila asubuhi chota kiganja karibu na vinyweshea, ukikamue, halafu ufungue mkono. Yakisambaratika taratibu, ni sawa. Yakibaki donge, yamelowa: toa sehemu hiyo, weka mapya, kisha tafuta chanzo. Mara nyingi kinyweshea kimekaa chini mno. Ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku, na uupandishe kadiri wanavyokua. Maranda mabichi huzaa amonia na kuamsha koksidia, vimelea vya ule ugonjwa wa kuhara damu. Chuchumaa mpaka kichwa kifike walipo kuku, upumue kwa dakika moja. Macho yakiwasha, kuku wanaishi humo saa 24. Fungua mapazia ya juu hata usiku wa baridi, ila upepo usiwapige vifaranga.

Usiwashe taa usiku kucha. Kuanzia siku ya 7 wape giza saa 6, angalau 4 zikiwa mfululizo. Watakula kidogo, lakini miguu itapata muda wa kukomaa. (Tatizo la mbegu yenyewe giza haliliondoi: kuku huyu amechaguliwa akue haraka kuliko moyo na mifupa yake inavyohimili. Mbegu za Sasso na Kuroiler hukua polepole, hula zaidi kwa kila kilo ya nyama, na hutembea vizuri.)

Chanjo: kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, au ratiba ya daktari wa mifugo wa eneo lako. Chanjo ya kunywa itie kwenye maji yasiyo na klorini na uchanganye maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 3 kwa lita. Wanyime maji saa moja au mbili kwanza, kisha wamalize ya chanjo ndani ya saa 2. Maji ya bomba yenye klorini huua chanjo, halafu lawama hupewa duka.

Wakiugua, mpelekee daktari mzoga wa leo kabla ya kununua chochote. Antibayotiki haiui kirusi cha kideri. Ukiandikiwa, maliza dozi, andika tarehe ya mwisho, na hesabu siku za kusubiri zilizo kwenye lebo kabla ya kuchinja. Mteja akija mapema, mwambie arudi.

Siku ya kuchinja geuza miguu 20 uitazame nyayo. Kidonda cheusi katikati ya unyayo, au alama ya kahawia kama ya kuungua kwenye kifundo, ni unyevu na amonia ya sakafu yako. Andika idadi ukutani, na kabla ya kuagiza vifaranga wengine rekebisha vinyweshea au punguza kuku 30.