Saga na managu ugenini: kupanda kiangazi na kukabili wadudu

Mwaka wangu wa kwanza Minnesota, Marekani, nilipanda saga (mgagani) mwezi wa Aprili, kwa sababu kwetu Kakamega, Kenya, kufikia Aprili mbegu ziko ardhini na mvua ya masika inazinywesha. Haukumea hata mche mmoja. Mama akaniuliza kwa simu, "Mwanangu, huo udongo una joto?" Sikuwa hata nimeugusa.

Anzia hapo. Saga, managu (mnavu), mrenda na kunde ni mboga za joto. Ngoja jalidi ya usiku (baridi ya kugandisha) iishe kabisa, na huku ni mwisho wa Mei. Managu nayaanzisha ndani, kwenye vikombe dirishani, wiki sita au nane kabla ya kuyahamishia nje. Saga hupandwa papo hapo shambani, na usiifukie sana. Udongo wa kuificha tu unatosha. Mbegu za mrenda zina ganda gumu: zifunge kwenye kitambaa, zitumbukize katika maji yaliyochemka, hesabu hadi kumi, toa, anika kisha upande.

Kuhusu mbegu zenyewe, usizifiche katikati ya nguo kwenye sanduku. Nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa Kenya hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na nyingine hutaka kibali juu yake. Uliza kabla ya kupanda ndege, au mwombe Mkenya jirani aliyevuna mwaka jana.

Sasa wadudu. Anayenisumbua kuliko wote kwenye saga na sukuma ni kijidudu cheusi, kama punje ya wimbi, kinachoruka kama kiroboto ukikisogelea. Hutoboa vitundu hadi jani likawa kama chujio la chai, na miche michanga haimalizi wiki. Dawa yake ni wavu mwepesi wa kufunikia mimea, utandazwe siku ile ile ya kupanda na kingo zake zifukiwe. Ukichelewa, umewafungia ndani pamoja na chakula chao. Tena usipande saga pale ilipokuwa mwaka uliopita, kwani hawa hulala kwenye udongo na takataka zake majira yote ya baridi, wakiamka wanakuta meza imeandaliwa.

Managu yana mgeni ambaye nyumbani hatumjui: mbawakavu wa viazi, wa manjano mwenye mistari kumi myeusi mgongoni. Pindua majani kila asubuhi, utaona mayai ya rangi ya chungwa yamepangwa pamoja. Yaponde kwa vidole. Wakubwa waangushe kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Vidukari vya kunde vipige kwanza kwa maji ya mpira, kutoka chini ya jani. Vikirudi, changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji isiyo na manukato kwa lita moja, nyunyiza jioni. Juani sabuni huunguza majani. Dawa ya sungura ni waya tu, wa kupita goti na kuzikwa kidogo chini.

Wengi huniuliza kuhusu jivu. Mama hulirusha alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani ili lishike, na mimi hufanya hivyo. Lakini liwe la kuni tupu na kiasi kidogo. La makaa ya kubanwa ya kuchomea nyama lina viungio, usilitie kwenye chakula chako.

Na tafadhali, usichume managu mwitu kando ya barabara za huku hata yakifanana na ya nyumbani. Ndugu zake wengine wana sumu.

Mwezi wa Agosti acha mashina mawili ya saga yatoe maua na maganda. Maganda yakigeuka manjano, yakate kabla hayajapasuka, yakaushe kwenye gazeti ndani ya nyumba. Mbegu changa za saga huwa zimelala, hivyo ziweke pakavu hadi kiangazi kijacho, ndipo zitakapoota vizuri.