SOMO: Inveta ya kuchajia laptopu garini (soma kabla hujauliza)

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne "nichukue inveta gani" (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa ukutani), na wawili kati yao walikuwa wameshanunua. Atakayeuliza tena nitamtumia hii.

1. Geuza chaja yako, soma palipoandikwa OUTPUT. Zidisha volti kwa ampea: 19.5 × 3.34 ni wati 65. Ukisoma INPUT utapata wati 400 na ushee, muuza duka atakupenda.

2. Laptopu ya wati 65, chukua inveta ya wati 150. Hesabu wati za kudumu, sio zile kubwa za kwenye boksi ambazo inazimudu sekunde chache.

3. Jua volti za gari. Hapa ndipo nilipoungulia. Nilikuwa Tunduma, foleni ya malori haisogei, ofisini wanasubiri nyaraka, laptopu imebaki asilimia 6. Nikatoa inveta niliyoizoea kwenye Noah, ya volti 12, nikachomeka kwenye lori. Ta! Kama bisi moja ndani ya sufuria, kisha harufu ya plastiki kabini nzima. Malori mengi na mabasi makubwa ni volti 24, na tundu la kuwashia sigara linafanana na la gari dogo, hakuna cha kukuonya. Wala usihesabu betri ukaridhika: zipo Land Cruiser za dizeli zenye betri mbili na bado ni 12. PIMA KWA MITA YA VOLTI.

4. Fyuzi ya tundu hilo mara nyingi ni ampea 10 au 15. Kumi kwa volti 12 ni wati 120 tu. Ukitaka zaidi, vuta nyaya nene toka betrini, fyuzi ikae karibu na betri. Usitoe fyuzi ya 10 ukaweka 30, waya ndio utaungua badala yake.

5. Iweke penye hewa, sio chini ya kiti juu ya kapeti.

MASWALI

Kijana wa Noah: Mkuu, inveta gani nzuri?
— Hatua ya 1.

Kijana wa Noah: Sina muda wa kusoma yote.
— Utapata muda ukisubiri fundi.

Mama Shamba: Kaka, nikizima injini nitafanya kazi muda gani?
— Swali zuri dada. Wati 65 zinavuta karibu ampea 6. Betri ya gari dogo, saizi ya NS60, ina kama ampea-saa 45, yaani ampea moja kwa saa 45. Ukila nusu, ni saa tatu na kitu. Usiingoje inveta ijizime yenyewe: nyingi hukata kwenye volti 10 na nusu hivi, na hapo stata haizungushi tena. Washa injini mapema.

Tandiboi: Lori lina betri mbili, siwezi kuchukua 12 kwenye moja?
— Itawaka, ila unaziua zote mbili. Moja inabaki na njaa, mwenzake anachajiwa kupita kiasi. Nunua inveta ya 24, au kishusha volti cha 24 kwenda 12.

Mama Shamba: Laptopu yangu inachaji kwa Type-C.
— Basi achana na inveta! Chaja ya gari ya PD (Power Delivery, ya kuchaji kwa nguvu kupitia Type-C), wati 65, inatosha. Nyingi zinakubali 12 mpaka 24, ila soma maandishi.

Kijana wa Noah: Nimeona ya wati 3000, elfu thelathini tu.
— Wati 3000 kwa volti 12 ni ampea 250. Waya uliokuja nayo una unene gani?

Kijana wa Noah: Kama wa chaja ya simu. Ila nimeshaichomeka kwenye Fuso la mjomba.
— Harufu umeisikia?