Vidoa visivyowasha: namna ya kuvikagua kabla ya kupima damu

Kaskazi ikishika Mombasa, kila nyumba ina mtu wa harara. Poda, maji baridi, siku chache imekwisha. Leo nazungumzia vidoa vingine: vidogo kama ncha ya sindano, vyekundu au vya zambarau, havikuinuka, haviwashi. Na kwa kuwa haviwashi, hakuna anayevishughulikia, ilhali vyaweza kuwa dalili ya lukemia, yaani saratani ya damu.

Hatua ya 1. Chukua gilasi tupu ya kunywea chai ya rangi, ikandamize juu ya vidoa, tazama kupitia kitako chake. Wekundu wa harara au mzio kwa kawaida hufifia. Damu iliyovuja chini ya ngozi hubaki vilevile.

Hatua ya 2. Ngozi nyeusi inaficha, kwa hiyo usiishie mikononi. Mwambie mgonjwa aachame, mulika kwa tochi ya simu: kaakaa, ndani ya mdomo wa chini, kisha ndani ya kope. Shuka kwenye vifundo vya miguu, na pale mpira wa nguo unapobana.

Hatua ya 3. Uliza mengine. Fizi zinatoka damu akipiga mswaki? Ana vilio la damu na hakugongwa popote? Anachoka, amepauka, homa zinarudi, anakonda? Jasho la usiku lisikutishe bure, sote tunatoka jasho. La kuangalia ni lile linalolowesha shuka hata wakati wa Kusi.

Hatua ya 4. Omba hemogramu, kipimo kinachohesabu chembe za damu. Lukemia hujaza uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, seli changa zisizofaa, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikakosa nafasi ya kutengenezwa. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita. Zikishuka sana, mishipa midogo huvuja, ndivyo vile vidoa. Lakini dengi na malaria nazo huzishusha, na dengi hapa kwetu si mgeni. Ndiyo maana damu hutazamwa pia kwa hadubini, na ikishukiwa saratani huchukuliwa uboho kwenye mfupa wa nyonga. Kabla ya majibu, usinunue aspirini wala ibuprofen dukani, zinazidisha kuvuja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Likoni: Mwanangu ana vidoa hivyo, homa tangu jana, na shingo yamuuma. Ningoje Jumatatu?

Usingoje, mama. Funga mlango uende sasa hivi, hata kama feri ina foleni. Yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na hiyo huhesabiwa kwa saa.

Kijana wa Kisauni: Vyangu ni mabaka makavu makalioni, yanawasha. Dawa ya fangasi miaka miwili, wapi!

Huenda ni ukurutu tu. Ila kuna limfoma ya ngozi, aina ya saratani, inayoanza hivyo hivyo, sehemu zisizopigwa na jua, na kwetu weusi mabaka yaweza kuwa meupe. Miaka miwili ya kupaka imetosha, kaka. Muone daktari wa ngozi akate kipande kikapimwe. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu na mabaka yakabaki, rudi. Ugonjwa huu mara nyingi hukatwa zaidi ya mara moja ndipo ujulikane.

Bi wa Mji wa Kale: Dada yangu ana vidoa na fizi zatoka damu. Nyumbani wasema ni kijicho, anywe kombe kwanza, yale maji ya aya za Kurani.

Kombe anywe, bibi, sikatazi. Anywe asubuhi, akitoka hapo aende maabara. Damu yenyewe ni kichupa kidogo tu.