Somo: Wikendi kwenye maporomoko ya mbali, hatua kwa hatua

Habari zenu wapendwa. Wengi mmeniuliza namna ya kupanga safari ya kutembea kwa miguu na kulala hemani karibu na maporomoko, mkitoka Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni. Nimekwenda na marafiki zangu safari nyingi za namna hii, na nimeshika jambo moja: mto ndio unaopanga ratiba, sisi tunaifuata. Mengi ya hapa chini yanatokana na hilo.

Hatua ya 1: Pigeni hesabu ya mwendo

Kilomita peke yake hazitoshi. Mskoti mmoja, William Naismith, aliacha kanuni mwaka 1892 ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: lisaa limoja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza jingine kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mita 600 za mpando inakuwa masaa 3. Hapo hamjapumzika wala kupiga picha, na mabegi hayajaanza kuuma mabega. Mimi huongeza nusu yake, kwa hiyo masaa 3 nayaandika 4 na nusu.

Mwendo wa kundi ni wa yule anayetembea polepole kuliko wote. Mtangulizeni mbele. Akikaa nyuma, kila akiwafikia anawakuta mmeshapumzika na mnanyanyuka kuondoka, na siku nzima yeye hapati pumziko hata moja. Huyo ndiye atakayeteleza jioni.

Pangeni kufika kambini masaa mawili kabla ya jua kuzama.

Hatua ya 2: Tazameni mvua ya juu ya mto

Watu wengi huangalia utabiri wa pale maporomoko yalipo. Angalieni pia wa huko mto unakotoka. Maji yanayoanguka mbele yenu yamekusanywa kwenye miteremko msiyoiona, na mvua inaweza kunyesha mbali huko wakati ninyi mnaota jua. Mafuriko yatawafikia baadaye. Utabiri ukionyesha mvua kubwa huko juu, ahirisheni bila kubishana.

Ulizeni pia kama njia iko wazi na kama kibali kinahitajika. Kisha mwachieni mtu wa nyumbani ujumbe wa maandishi: njia mtakayopita, mahali mtakapolala, majina ya wote, saa ya kurudi, na saa ambayo akiwa hajawasikia aombe msaada. Mabondeni mtandao hukatika, kwa hiyo msitegemee simu.

Hatua ya 3: Mzigo

Hema, jiko, sufuria na dawa ni vya kundi, mgawane. Kila mtu abebe mwenyewe maji yake, tochi ya kichwani, filimbi, koti la mvua na nguo kavu za kulalia. Ndani ya begi tandika kwanza mfuko mkubwa wa plastiki, ndipo upange vitu. Vile vizito vikae katikati, karibu na mgongo.

Nguo za pamba ziacheni. Karibu na maporomoko hewa yenyewe imejaa manyunyu, na pamba ikishalowa inakaa na maji na kukunyonya joto usiku kucha. Sufu au poliesta ndiyo inayofaa.

Hatua ya 4: Kuvuka mto

Kabla ya kuingia majini, fungua mkanda wa kiuno na wa kifua wa begi, ili ukianguka uweze kulivua. Tazama chini ya mkondo: ukichukuliwa, utaishia wapi? Kama ni kwenye mwamba, magogo au maporomoko, hapo si pa kuvukia. Vuka ukiwa na viatu, uso uelekee maji yanakotoka, fimbo iwe mguu wako wa tatu, na usogee kiubavu bila kupishanisha miguu. Maji yaendayo kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu. Yakizidi goti na yana kasi, geuzeni. Na msijifunge kamba kiunoni, kwa sababu ikikaza, maji yanakukandamiza chini na huwezi kuinuka.

Hatua ya 5: Kambi na kijiti

Hapa nitakaa kidogo.

Katika safari zangu za mwanzo tulipiga hema mchangani, kando kabisa ya mto. Palikuwa tambarare na laini, nyota zimejaa, hakuna tone la mvua. Usiku wa manane niliamshwa na sauti. Mngurumo ulikuwa umeshuka na kuwa mzito, na ndani yake nilisikia mawe yakigongana chini ya maji. Nilitoa mkono nje ya hema na kukuta mchanga umelowa. Tuling'oa vigingi vya hema kwa mikono, tukaburuta mahema jinsi yalivyo hadi kwenye miti. Kulipokucha, pale tulipokuwa tumelala palikuwa panapita maji.

Ule mchanga tambarare uliletwa na mafuriko. Ndiyo maana ulikuwa laini.

Kwa hiyo pigeni kambi angalau mita 60 kutoka majini, na juu ya alama za mafuriko ya zamani: tafuteni nyasi kavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi, au mstari wa tope kwenye mashina. Kisha, kabla hata sijatua begi, mimi huchomeka kijiti pale hasa maji yanapogusa ardhi. Kila nusu saa mmoja wetu anakwenda kukitazama. Maji yakikipita hata kwa upana wa kidole, wote wanatoka mtoni, hata aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. Hali ni hiyohiyo maji yakigeuka rangi ya udongo, yakileta majani na vijiti, au sauti ikibadilika. Ukiona dalili moja, usisubiri ya pili.

Hatua ya 6: Kwenye maporomoko yenyewe

Msiende ukingoni kule juu. Mwamba uliolowa una ukoko wa kijani unaoteleza kuliko sabuni, na viatu vizuri havisaidii. Msiruke kutoka juu, kwani mwamba uliozama hauonekani na maji ya baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi akiwa chini. Pale maji yanapotua ni peupe kwa sababu pamejaa hewa, hayakubebi vizuri, na mzunguko wake unakurudisha chini ya maporomoko kila unapojaribu kutoka. Isitoshe, mawe na magogo nayo huanguka pamoja na maji. Ogeleeni mbali na hapo, panapotulia.

Hatua ya 7: Maji, jiko na choo

Maji maangavu si lazima yawe salama. Yachemsheni hadi yatokote kwa dakika 1, na mkiwa juu ya mita 2,000 ziwe dakika 3. Jiko lisiwashwe ndani ya hema hata mvua ikinyesha: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua mtu usingizini. Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka majini, lifukiwe. Takataka zote mrudi nazo.

Maswali ya wanachama

Swali: Dada, tuwe watu wangapi?

Jibu: Wanne ni idadi nzuri, ndugu yangu. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanafuata msaada. Zaidi ya wanane, kundi linakatika njiani na hakuna anayejua nani yuko wapi.

Swali: Mimi sijui kuogelea na marafiki wameshaniambia nisiogope. Niende?

Jibu: Nenda, ila waambie mapema kwamba huingii mahali maji yanapozidi goti. Rafiki wa kweli hatakusukuma. Na wewe utafaa sana kukilinda kijiti.

Swali: Tukisikia radi je?

Jibu: Hesabu sekunde toka mwanga hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, tokeni majini, shukeni kutoka mgongoni mwa mlima, msikae chini ya mti uliosimama peke yake. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Swali: Filimbi inapigwaje ili watu wajue ni shida na si mchezo?

Jibu: Mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Usiache hata ukijibiwa, kwa sababu wanaokutafuta wanaifuata hiyo sauti.

Swali: Mwalimu, tumeshavuka kwenda kambini, usiku mvua ikanyesha, Jumapili mto umejaa. Kazini ni Jumatatu asubuhi. Tufanyeje?

Jibu: Mnabaki hapohapo. Mito midogo ya milimani hujaa haraka na mara nyingi hupungua ndani ya masaa machache mvua ikikatika. Chomekeni kijiti kipya, mwone maji yanashuka au yanapanda. Ndiyo maana mimi hubeba chakula cha siku moja ya ziada, na kwenye ule ujumbe wa nyumbani naandika kabisa: "Mvua ikinyesha tutalala usiku mwingine, msianze kututafuta hadi Jumatatu saa sita mchana."