Gari-nyumba jangwani: tangi lijae kabla ya geti

Mnaopanga kuzunguka hifadhi za jangwani Marekani kwa gari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani, pangeni maji kwanza, mandhari baadaye. Joshua Tree, kule California, haina kituo cha mafuta ndani na kambi zake nyingi hazina bomba. Black Rock na Cottonwood zina maji, tena zina mahali pa kumwaga maji taka. Jumbo Rocks inapendeza mno, ila ukifika na tangi tupu umekwama. Wekeni angalau lita 4 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, mbali na za kuoshea vyombo. Pimeni na urefu wa gari: Hidden Valley na White Tank haziruhusu linalozidi futi 25, pamoja na chochote linachokokota nyuma.

Death Valley, hifadhi nyingine ya jangwani, msiende kiangazi cha huko, nawasihi. Joto hupita nyuzi 49 za Selsiasi, na mpando wa Towne Pass huchemsha injini. Zimeni kiyoyozi mnapopanda. Mkishuka tumieni gia ndogo, breki zisishike moto. Novemba hadi Machi ndiyo miezi yake.